Msimamizi anataka nichague: niiandikie tasnifu tamthilia ya Kiyidishi, au niiigize?

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya pili ya sanaa za maonyesho Dar es Salaam. Nyumbani ni Tanga. Mwaka jana nilisoma Dibuki, tamthilia ya S. An-sky ya Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kwa tafsiri ya Kiingereza, nikaitazama na filamu yake ya 1937, na mpaka leo haijanitoka. Bibi yangu alikuwa akichezewa ngoma za pepo, kwa hiyo bibi harusi anayepandwa kichwani si kitu kigeni kwangu. Nataka kuiandikia tasnifu na pia kuiigiza kwa Kiswahili, yule dibuki, roho inayompanda, nimfanye jini wa pwani. Msimamizi wangu anasema nichague moja, ama niwe msomi ama msanii. Wenzangu wanasema Kiyidishi ni Kiebrania cha zamani kilichokwisha kufa, na kwamba mimi si Myahudi, sina haki ya kukigusa. Je, msimamizi ana haki? Na nianzie wapi?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali manne kwa pumzi moja, na nadhani linalokuuma hasa ni la msimamizi. Hayo mengine ya lugha, haki na jini umeyasikia kwa watu ukayabeba, lakini hili la kalamu au jukwaa linagusa namna utakavyoishi baada ya masomo. Basi nianze nalo. Hulazimiki kuchagua, na kwa tamthilia hii kuchagua kungekuharibia kazi. Ila msimamizi wako hakukurupuka. Ana hofu yenye msingi, na nitaifikia.

Mtazame kwanza mwandishi mwenyewe. An-sky, aliyezaliwa Shloyme Zanvl Rappoport (1863–1920), hakujifungia chumbani akaibuni Dibuki. Kuanzia 1912 hadi 1914 aliongoza msafara wa utafiti katika miji midogo ya Wayahudi huko Volhynia na Podolia, sehemu ambazo leo ziko Ukraine na wakati ule zilitawaliwa na Urusi. Miongoni mwa aliofuatana nao walikuwemo mpiga picha Solomon Yudovin na mwanamuziki Joel Engel. Walirudi na picha zipatazo 2,000 na silinda za nta zipatazo 500 zilizonasa nyimbo na sauti za watu, mbali na ngano, vyombo vya ibada na mavazi. Yeye na wasaidizi wake waliandaa pia hojaji juu ya maisha ya mtu, tangu mimba mpaka yale yanayomsubiri baada ya kifo. Ilikuwa na maswali 2,087. Hebu jione umeketi barazani na mzee wa watu, hojaji ya maswali 2,087 iko mapajani. Vita vya 1914 viliukata msafara, lakini ukiisoma Dibuki ukijua haya utaliona daftari la mtafiti likichungulia kila mahali. Lile kaburi la bibi na bwana harusi waliouawa mwaka 1648, ambalo watu wa Brinits, mji wa kwenye tamthilia, hulizunguka wakicheza kila panapofungwa ndoa, ni aina ya simulizi aliyokuwa akiikusanya njiani.

Mgawanyo anaousema msimamizi una historia yake, na wapinzani wake ni wa siku nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyuo vya Ulaya vilihesabu tamthilia kuwa tawi la fasihi: unasoma maandishi, yamekwisha. Huko Berlin, profesa Max Herrmann alikataa. Alishikilia kwamba kinachochunguzwa ni onyesho lenyewe, lile linalotokea kati ya waigizaji na watazamaji wakiwa chini ya paa moja, na mwaka 1923 chuo chake kikawa na taasisi ya taaluma hiyo. Herrmann alikuwa Myahudi. Alifia kambini Theresienstadt mwaka 1942. Mmoja wa waliosoma kwake ni Michał Weichert, ambaye huko Warsaw alikuwa mwongozaji, mwalimu wa waigizaji na mwandishi wa historia ya tamthilia ya Kiyidishi kwa wakati mmoja. Mwaka 1933 kundi lake la vijana, Yung Teater, liliigiza *Boston*, mchezo juu ya Sacco na Vanzetti, wahamiaji wawili waliouawa kwa hukumu ya mahakama Marekani mwaka 1927. Weichert hakuwapandisha waigizaji kwenye jukwaa la mbele. Aliwaweka katikati ya watazamaji. Alichojifunza darasani Berlin juu ya mtazamaji alikijaribu kwa miili ya watu.

Nikupe na silaha ndogo ya kwenda nayo mbele ya jopo. Ebrahim Hussein wetu, miaka michache baada ya *Kinjeketile* (1969), alifanyia udaktari wake wa tamthilia Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, ambacho ndicho chuo kilekile cha Herrmann kikiwa na jina jipya. Na hapo Mlimani, Penina Muhando na Amandina Lihamba wametunga, wameigiza na wamefundisha bila kuomba radhi kwa mtu. Msimamizi wako anajua hayo. Inawezekana ulimweleza mradi wako kama ndoto, hukumweleza kama swali.

Sasa, kwa nini nasema kuchagua kungekuharibia kazi? Ni kwa jinsi tamthilia hii ilivyoishi. Mizizi yake ya kale ni michezo ya sikukuu ya Purimu, ambapo kisa cha Esta, Mordekai na mwovu Hamani kiligeuzwa vichekesho vya majumbani, wanaume wakicheza hata nafasi ya Esta. Tamthilia ya kulipa kiingilio ilikuja baadaye sana. Mwaka 1876, mjini Iași, Romania, Abraham Goldfaden aliwachukua waimbaji wa kwenye vilabu vya mvinyo, waliozoea kuimba huku wakijigeuza wahusika, akazifunga nyimbo zao ndani ya hadithi. Hapo mwanzo hapakuwa na maandishi ya neno kwa neno. Aliwapa mkondo wa kisa na nyimbo, maneno wakayajaza wenyewe. Urusi ilipopiga marufuku maonyesho ya Kiyidishi mwaka 1883, makundi yalitawanyika hadi London na New York. Waliobaki walijitangaza kuwa kundi la "Kijerumani" na kuipindapinda lugha yao ielekee Ujerumani ili mkaguzi afumbe macho.

Huko New York michezo ilibadilishwa upesi na waigizaji hawakupata muda wa kukariri. Mtu wa maana alikuwa yule aliyefichwa kwenye kisanduku mbele ya jukwaa, akiwanong'onezea maneno. Nakala iliyokuwa mkononi mwake, yenye mistari iliyofutwa na mingine iliyochomekwa, mara nyingi iko karibu zaidi na onyesho kuliko kitabu kilichochapwa. Maktaba ya Bunge la Marekani peke yake ina zaidi ya michezo 1,200 ya Kiyidishi iliyopelekwa huko kwa ajili ya hakimiliki, na mingi kati yake haikupata kuchapwa. Ukikaa na maandishi ya namna hii bila kuyatia mdomoni, umeshika nusu ya kitu.

Utasema Dibuki ni tofauti, ni kazi ya fasihi yenye mwandishi anayejulikana. Ni kweli, lakini hata hapo uliza: nakala ipi? An-sky aliiandika kwa Kirusi na kwa Kiyidishi. Mshairi Bialik aliitafsiri kwa Kiebrania, ikachapwa 1918. Inasimuliwa kwamba An-sky alipokimbia Urusi alipoteza maandishi yake ya Kiyidishi, akalazimika kuirudisha tamthilia katika Kiyidishi kwa kuitazama tafsiri ya Bialik. Akafa tarehe 8 Novemba 1920 bila kuiona jukwaani. Siku ya thelathini baada ya kifo chake, kikomo cha matanga kwa desturi ya Kiyahudi, Kundi la Vilna la waigizaji wa Kiyidishi likaifungulia pazia Warsaw, tarehe 9 Desemba, chini ya mwongozaji Dovid Herman, mtoto wa familia ya Kihasidi, Wayahudi washika dini sana. Waliokuwa ukumbini hawakuwa wakitazama fasihi tu. Walikuwa wakimhitimishia mwandishi matanga yake. Jambo hilo hulioni kwenye ukurasa wowote wa tamthilia, na bila hilo huelewi kwa nini mchezo ulishika kama moto wa nyika.

Nikuonyeshe kwa karibu ni nini hasa jukwaa linaweza kukuambia. Mwisho wa sehemu ya pili, Lea, yule bibi harusi wa Dibuki, analetwa kwenye ndoa yake. Bwana harusi aliyechaguliwa na baba yake anasogea kumfunika shela. Lea anamsukuma, anamwambia wewe si bwana harusi wangu, anakimbilia lile kaburi. Anapogeuka anazungumza kwa sauti ya kiume isiyo yake: mmenizika, nimerudi kwa mwenzi niliyeandikiwa, simwachi. Ni Khonen, mwanafunzi maskini aliyefia sinagogini aliposikia Lea anaozwa kwingine. Maandishi yanasema sauti ya kiume, yanaishia hapo. Basi nani aitoe? Mwigizaji wa kike kutoka kooni mwake? Au mwigizaji wa Khonen akiwa nyuma ya pazia, Lea akifumbua mdomo tu?

Hilo ni swali la utafiti, si la mapambo. Likitoka kooni mwa Lea, tunamwona msichana ambaye kwa mara ya kwanza anawakemea baba, rabi na wakwe hadharani, na tunaanza kujiuliza kama dibuki ni mgeni aliyemwingia au ni kauli yake mwenyewe iliyopata mlango. Likitoka nyuma ya pazia, Lea anabaki chombo. Mwanamume mmoja anamgombea na mwanamume mwingine, yeye yupo kama mali inayogombewa. Tamthilia ni moja, lakini umepata hoja mbili zinazopingana juu ya nani ana haki ya kusema. Mimi napendelea koo la Lea, na najua wenzangu wasiokubaliana nami. Lakini huwezi kuliamua hilo ukiwa maktaba. Fanya mazoezi kwa njia zote mbili, na waigizaji walewale, uwarekodi, uwaite watazamaji, uwaulize nani alikuwa akizungumza. Hapo una ushahidi.

Na hapa ndipo hofu ya msimamizi inapopata nguvu. Onyesho zuri si tasnifu. Nimewaona wanafunzi wakifanya mchezo wa kuwatoa watu machozi, kisha wakaandika kurasa za "nilijisikia" na "tulipitia safari ndefu", na jopo likawafelisha kwa haki. Kazi ya jukwaani inakuwa utafiti pale unapokuwa na swali ulilolitaja kabla ya mazoezi, unapoweza kuonyesha ulijaribu nini ukakiacha na kwa nini, na unapoacha nyuma yako kumbukumbu ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua: daftari la mazoezi la kila siku, picha za video, nakala ya maandishi yenye kila badiliko na tarehe yake. Daftari hilo ndilo litakalokuokoa. Liandike jioni ileile, usingoje Jumapili.

Wapo waliopita njia hii katika fani hii hasa. Nahma Sandrow aliandika historia ya tamthilia ya Kiyidishi duniani, ikatoka 1977, na mwaka 1984 akaandika kisa na mazungumzo ya mchezo wa nyimbo uliotokana na Goldfaden, ukaigizwa New York. Ukizisoma kazi zake mbili pamoja utaona kwamba mwanahistoria alijua kichekesho kipi kingali kinachekesha, na mtunzi alijua kwa nini. Barbara Kirshenblatt-Gimblett alitokea kwenye ngano na mila za Wayahudi wa Kiyidishi, akaongoza idara ya taaluma ya utendaji ya Chuo Kikuu cha New York miaka ya 1980, wakati taaluma hiyo bado changa na watu wakiuliza kama kweli ni taaluma. Baadaye aliongoza utayarishaji wa maonyesho ya kudumu ya POLIN, jumba la makumbusho la historia ya Wayahudi wa Poland huko Warsaw, yaliyofunguliwa Oktoba 2014. Ndani yake kuna paa la sinagogi la mbao la Gwoździec, ambalo halipo tena. Wangeweza kuagiza mfano kutoka kiwandani. Badala yake, chini ya kikundi cha Handshouse Studio cha Marekani, wanafunzi na mafundi walichonga magogo kwa shoka na zana za mkono kama za zamani, wakapaka michoro kwa mkono, paa likasimama kwa asilimia 85 ya ukubwa wa lile la asili. Walichokitaka kilikuwa paa pamoja na ujuzi wa kulijenga. Kama msimamizi wako ni mgumu, mpe mfano huu kabla ya nadharia yoyote.

Kuhusu lugha nitakwenda haraka, maana wenzako wamekosea pande zote mbili. Kiyidishi si Kiebrania. Kinaandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama Kiswahili kilivyoandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu bila kuwa Kiarabu. Mwili wake ni wa Kijerumani cha zamani, na umechanganyika na Kiebrania, Kiaramu na lugha za Kislavi. Wala si lugha ya Wayahudi wote: ukienda kwenye sinagogi la Nairobi au kwa Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda, usitegemee kukikuta huko. Hakijafa pia. Kabla ya Vita vya Pili kilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 10; wengi wa Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi walikuwa wasemaji wake, akiwemo Miriam Orleska, Lea wa mwaka 1920. Leo kinazungumzwa majumbani na mitaani na Wahasidi wa Brooklyn, Yerusalemu, Antwerp na London. Kichekesho ni kwamba hao wanaokizungumza kutwa kucha, kwa sababu za dini, wengi wao hawaendi kwenye tamthilia za kidunia, ingawa Purimu wanaigiza kwa namna yao. Na kwenye kumbi za New York, kama kundi la Folksbiene lililoanzishwa 1915, watazamaji wengi husoma tafsiri inayomulikwa kwenye skrini.

Je, ujifunze? Kwa tasnifu ya shahada ya pili, ndiyo, angalau uweze kusoma matini kwa kamusi. Bila hivyo unachambua Kiingereza cha mfasiri ukidhani unachambua An-sky. Herufi utazimudu mapema. Kitakachokutesa ni maneno yenye asili ya Kiebrania, ambayo huandikwa bila irabu zake na lazima uyajue kwa moyo, na Dibuki imejaa maneno hayo kwa sababu imejaa marabi. Tena matamshi ya jukwaani kwa desturi yalifuata lahaja ya Volhynia, si yale utakayofundishwa darasani. Vitabu havitakupa shida: Kituo cha Vitabu vya Kiyidishi cha Amherst, Massachusetts, kimeweka maelfu ya vitabu mtandaoni bure.

Suala la kutokuwa Myahudi. Sitakudanganya kwamba halina uzito, lakini si mlango uliofungwa. Shane Baker, mzaliwa wa Kansas City, si Myahudi, na ni miongoni mwa waigizaji wanaojulikana zaidi wa Kiyidishi leo. Ndiye aliyeitafsiri tamthilia ya Samuel Beckett ya kumngoja Godot kwa Kiyidishi na kuicheza New York mwaka 2013. Lakini angalia alichokifanya: aliingia kwenye lugha, akakaa na waigizaji wazee, akajifunza kwao ana kwa ana. Kinachoudhi si damu ya mwigizaji, ni uvivu wake. Ndevu za pamba, pua ya kubandika, mikono inayopungwa ovyo na lafudhi ya kuchekesha vimetumika mamia ya miaka kuwadhalilisha Wayahudi majukwaani. Wengi wetu tulikutana na Shylock, Myahudi mkopeshaji wa Shakespeare, kwa mara ya kwanza katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, na mashuleni nimemwona akichezwa kama fisi. Jacob Adler alimcheza Shylock huyohuyo kwa Kiyidishi kwenye Broadway mwaka 1903, wenzake wote wakisema Kiingereza, akamfanya mtu mwenye heshima iliyojeruhiwa. Tafuta maelezo ya onyesho hilo kabla hujamchagulia mtu yeyote maleba.

Sasa jini lako. Nimelifurahia wazo, lakini nakuomba uliache kwa sasa. Dibuki si jini. Ni roho ya binadamu aliyekufa, ana jina, ana baba, ana dai. Kilingeni, kama bibi yako angekueleza, pepo huulizwa jina lake na anachotaka, akapewa ubani, ngoma na vitu vyake, na mara nyingi mwisho wake ni maelewano: atakuja kwa siku zake, naye mwenye kichwa atapata nafuu. Kwa An-sky mwendo ni wa mahakama. Rabi mkuu wa Miropol, Azrielke, anagundua kwamba Sender, baba yake Lea, na rafiki yake Nisn waliahidiana zamani kuwaozesha watoto wao, kisha Sender akatajirika akasahau. Nisn ni marehemu, na Khonen ni mwanawe. Basi marehemu anaitwa shaurini. Wanamwekea sehemu yake nyuma ya pazia, kesi inasikilizwa, Sender anahukumiwa kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwasomea marehemu hao Kadishi, sala ya kuwakumbuka wafu, kila mwaka. Sender anakubali. Kisha watu wanatega sikio, na aliyeko nyuma ya pazia hasikiki akisema amina.

Sijui sehemu nyingine ya tamthilia inayonikaba koo kama hiyo amina isiyosikika. Sheria imetenda haki, mdaiwa amekubali, na mwenye dai hajasamehe. Baada ya hapo zinakuja hati saba za Torati, baragumu saba za pembe na mishumaa myeusi, na dibuki anafukuzwa kwa nguvu. Ukimfanya jini, kesi yote inaporomoka, kwa sababu jini hakuahidiwa mchumba na mtu. Ukitaka kuileta pwani, lete marehemu mwenye deni, lete wazee wa baraza, lete ahadi iliyovunjwa kwa tamaa ya mahari, hivyo havitatushinda. Lakini hiyo itakuwa tamthilia yako iliyochochewa na An-sky, na uiite hivyo kwenye tangazo.

Kwa hiyo una njia tatu, na sizioni kuwa sawa. Ya kwanza ni tasnifu ya maandishi matupu: salama, nafuu, msimamizi atafurahi, na utaandika juu ya jukwaa kwa kulitazama dirishani. Ya pili ni kuigiza sehemu zote nne kwa Kiswahili. Nakusihi usifanye hivyo. Wahusika ni wengi, kuna ngoma ya ombaomba inayohitaji mtu wa kuitunga miondoko, na muda wako wote utaishia kukodi viti na kubembeleza waigizaji waje mazoezini. Ya tatu, ambayo ningeichagua mimi, ni kuchukua vipande viwili tu, ile ndoa na ile kesi, uvitafsiri mwenyewe kutoka Kiyidishi ukisaidiwa, uvifanyie mazoezi kwa swali moja la sauti ya Lea, kisha uviweke kwenye tasnifu kama kiini chake. Kuhusu filamu: Avrom Morevski aliyecheza rabi wa Miropol mwaka 1920 ndiye huyohuyo unayemwona kwenye filamu ya 1937. Ni bahati ya nadra, itumie, ila usisahau kwamba miaka 17 imepita na kamera si ukumbi.

Yapo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia, uende kwa watu. Hakimiliki ni moja. An-sky mwenyewe amekwisha kufa zaidi ya miaka 100, lakini tafsiri ya Kiingereza uliyoisoma huenda bado ina mwenyewe, na ukiitafsiri hiyo badala ya Kiyidishi unahitaji ruhusa. Ulizia ofisi ya COSOTA kabla hujauza tiketi. Matamshi ni la pili: mtafute mwalimu wa Kiyidishi wa kukusikiliza, hata kwa simu ya video, maana lugha ya jukwaani hairekebishwi kwa kamusi. Kwa mambo ya ibada, kama Kadishi na majina ya Mungu yanayotajwa kwenye kesi, mwulize Myahudi anayeijua dini yake yapi yasisemwe ovyo mazoezini. Usitumie hati halisi ya Torati hata ukipewa.

Na la mwisho, ambalo usilipuuze hata kidogo. Umesema bibi yako alichezewa ngoma. Kundi lako litakuwa na vijana wa Tanga, Bagamoyo, Unguja, na huenda miongoni mwao wamo wenye historia kama hiyo nyumbani. Kabla ya kugawa nafasi, zungumza na kila mmoja faraghani, na anayesita umpe kazi nyingine bila maswali. Ukiona mwigizaji wa Lea anatetemeka baada ya zoezi kwisha, anapoteza fahamu au hapati usingizi siku kadhaa, simamisha kazi siku hiyohiyo, mpeleke hospitali au kwa mshauri wa wanafunzi chuoni, na uwaambie watu wa kwao. Kamati ya maadili ya utafiti itakuuliza umejiandaaje kwa hilo, nawe uwe na jibu lililoandikwa.

Mpelekee msimamizi kurasa mbili: swali la sauti ya Lea, vipande viwili, ratiba ya daftari, na jina la mtu atakayekufundisha Kiyidishi. Akikataa hata baada ya hapo, omba msimamizi mwenza kutoka upande wa uigizaji. Utaratibu huo upo, na hakuna atakayeuona kuwa ni utovu wa adabu.